Mapaja ya Mama na Kiti cha Mtoto: Historia Fupi ya Safari ya Mtoto Mchanga Ndani ya Gari



Safari hii tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo familia zetu hapa Kampala hulipitia mara kwa mara bila ya kulifikiria. Mama amejifungua salama, daktari amemruhusu kurudi nyumbani, na gari limekuja kumchukua. Mama anapewa siti ya mbele kwa sababu amechoka, na kwa sababu siti ya mbele ndiyo ya heshima. Mtoto amezungushiwa shali na yupo mapajani. Bibi yuko nyuma pamoja na beseni, thamosi ya uji na nguo za kufulia. Hivyo ndivyo safari ya kwanza ya watoto wengi inavyoanza, na ukiuliza mbona hakuna kiti cha mtoto utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba hakuna mahali salama kwa mtoto kuliko mikononi mwa mama yake.

Basi ni vyema tukafahamu kwamba jibu hilo si letu peke yetu. Hao Wazungu nao walilitoa kwa miaka mingi sana, tena mpaka ndani ya bunge lao, na historia ya kiti cha mtoto kwa sehemu kubwa ni historia ya kubishana na jibu hilo.

Magari ya petroli yalianza kuundwa Ujerumani mwaka 1886. Kwa zaidi ya miaka 70 baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyetengeneza kiti cha kumlinda mtoto ajali inapotokea. Viti vya watoto vilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa nyingine kabisa. Huko Marekani katika miaka ya 1930 viliuzwa viti vya kumwinua mtoto tu, ili aone nje na mzazi amwone yeye, asije akatambaa kwenda kwa dereva. Katika miaka ya 1940 vikaja vya turubai kwenye fremu ya chuma, vya kuning'inizwa kwenye mgongo wa siti ya mbele, na vingine viliwekwa kiusukani cha kuchezea. Gari likifunga breki kwa ghafla, kiti na mtoto wake viliruka pamoja. Hakuna aliyedanganywa. Mzazi alinunua utulivu wa safari, na utulivu ndio aliopata.

Mkanda wa watu wazima ndio uliotangulia. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, nchini Sweden, alitoa ule mkanda tunaoujua leo, unaopita kiunoni na begani na kufungwa sehemu tatu, na Volvo ikawaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Lakini mkanda ule unategemea mifupa ya nyonga na ya bega iliyokomaa. Mtoto mchanga hana mifupa hiyo. Ukimfunga nao unamkata tumboni au shingoni, na ukimpakata wewe kisha ukaupitisha mkanda juu yenu wote wawili, umemweka yeye kati ya mkanda na mwili wako. Jambo hili bado tunaliona barabarani, na wanaolifanya wanadhani wameongeza usalama.

Mwaka 1962 watu wawili ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja walitoa viti vilivyokusudiwa kumlinda mtoto. Leonard Rivkin wa mji wa Denver, Marekani, alibuni kiti cha fremu ya chuma kinachotazama mbele. Bi Jean Ames wa Uingereza alibuni kiti kinachotazama nyuma, yaani mtoto anaipa mgongo njia, chenye mkanda wa umbo la herufi Y. Tunapenda kumtaja Bi Ames kwa jina kwa sababu katika masimulizi ya mambo ya magari wanawake husahaulika upesi.

Hata hivyo aliyelipa jambo hili msingi wake wa kitabibu ni daktari wa Sweden, Bertil Aldman. Katika miaka ile ya mwanzo ya 1960 Wamarekani walikuwa wakitayarisha chombo cha angani kilichoitwa Gemini, na ndani yake wanaanga walikaa wamelala chali katika viti vilivyofuata umbo la mgongo, ili nguvu kubwa ya kurushwa isambae mwilini mzima badala ya kukusanyika sehemu moja. Aldman akaona kwamba mtoto ndani ya gari linalogonga anapatwa na mambo ya namna hiyo hiyo, na dawa yake ni kumgeuza. Mwaka 1964 kiti cha kwanza cha majaribio kilichofuata wazo hilo kilijaribiwa katika gari la Volvo. Kuanzia hapo Waswidi wakajenga desturi yao ya kuwaacha watoto wakitazama nyuma mpaka wanapofikia miaka minne hivi, wakati nchi nyingine zilikuwa zikiwageuza mapema sana.

Sababu yake inaeleweka hata na asiyekuwa daktari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, na shingo yake bado ni laini. Kila mama anajua hivyo, ndiyo maana tunamfundisha kila anayemshika mtoto kwamba aweke mkono chini ya kichwa. Gari likigonga kwa mbele, kila kilicho ndani kinaendelea kwenda mbele. Mtoto anayetazama mbele mwili wake unazuiliwa na mikanda lakini kichwa hakina wa kukizuia, kwa hiyo shingo ndiyo inayobeba. Mtoto anayetazama nyuma anasukumwa ndani ya kiti chake, na mgongo, shingo na kichwa vinaegemea kwa pamoja. Kwa maneno mengine, kiti kinafanya kazi ya ule mkono ulio chini ya kichwa.

Turudi Marekani, kwa sababu huko ndiko mabishano yenyewe yalikofanyika hadharani. Kampuni ya Ford ilitoa kinga yake ya watoto mwaka 1968, na General Motors ikatoa kiti cha watoto wachanga kinachotazama nyuma mwaka 1969. Mwaka 1971 serikali ikatoa kanuni ya kwanza ya viti hivyo, lakini ilikuwa kanuni dhaifu: haikumlazimisha mtengenezaji agongeshe kiti chake katika jaribio lolote lenye mwendo. Mwaka uliofuata jarida la watumiaji bidhaa, Consumer Reports, lilivigongesha lenyewe, na vingi kati ya vile vilivyotimiza kanuni vilishindwa. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1981 ndipo kila kiti kilipotakiwa kupita jaribio la kugongeshwa kwa kasi ya maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48. Kwa hiyo kwa takriban miaka kumi mzazi aliyenunua kiti chenye muhuri hakuwa na hakika ya kile alichokinunua.

Viti vikawepo, lakini wazazi wengi hawakuvitumia. Hapa ndipo tunapofika kwa Dk. Robert Sanders, daktari wa watoto katika mji wa Murfreesboro, jimbo la Tennessee, ambaye pia alisimamia afya ya wilaya yake. Alichoka kuona watoto wanachanjwa dhidi ya maradhi kisha wanakufa barabarani. Kwake yeye kiti kilikuwa sawa na chanjo. Yeye na mkewe, Pat, wakaanza kuwafuata wabunge wa jimbo mmoja baada ya mwingine, kuwapigia simu na kuwaeleza. Mwaka 1976 mswada wao ulikataliwa. Mwaka 1977 ukapita, na kuanzia tarehe 1 Januari 1978 Tennessee ikawa jimbo la kwanza nchini Marekani kumlazimisha mzazi kumweka mtoto wa chini ya miaka minne katika kiti chake.

Lakini wabunge walichomeka kifungu kimoja. Walisema kwamba mzazi anaweza, badala ya kiti, kumshika mtoto mikononi. Hoja ilikuwa ile ile ya kwetu: vipi umkataze mama kumpakata mwanawe? Sheria ikapatikana, na pembeni yake ukaachwa mlango ambao kila mtu angeweza kupitia. Dk. Sanders na wenzake wakakipa kifungu hicho jina kali, kifungu cha kumsaga mtoto, na wakaendelea kukipiga vita kwa miaka mingine mpaka kikaondolewa mwaka 1981. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Watu wa nyumbani kwao walimwita Dk. Mkanda, na alifariki mwaka 2006.

Jina la "kumsaga" halikuwa la kutia chumvi, na hesabu yake tunaweza kuifanya wenyewe. Tuchukue mtoto wa kilo 7, yaani wa miezi michache tu, na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mjini. Likigonga kitu kisichosogea, gari husimama kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili kumzuia mtoto yule asiruke, mikono ya mama inatakiwa kushikilia nguvu ya wastani sawa na uzito wa kilo 100. Hilo ni gunia zima la mahindi, nalo linakuja kwa ghafla bila ya taarifa. Hakuna mama, na wala hakuna baba mbeba mizigo, awezaye. Na iwapo mama mwenyewe hakufunga mkanda, mwili wake wa kilo 65 unakwenda mbele kwa nguvu ya karibu tani moja, na mtoto yupo kati yake na dashibodi. Kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, ghorofa ya tatu hivi. Hakuna mzazi atakayekubali kusimama ukingoni mwa ghorofa ya tatu akiwa na mtoto mikononi kwa kutegemea kwamba akianguka atamshikilia vizuri.

Tunasema haya bila kuidharau mbeleko wala kanga zetu. Mbeleko imetulea sisi sote, na kwa mwendo wa miguu sijui kama kuna kitu kilichoipita. Ila ilitengenezwa kwa mwendo wa binadamu. Na ile methali ya ajali haina kinga, wazee walioitunga hawakuwa wakizungumzia breki.

Miaka ya 1990 ilileta mtihani mwingine. Mifuko ya hewa, ambayo mafundi wetu huiita eabegi, iliwekwa pia mbele ya abiria wa siti ya mbele. Mfuko ule hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na nyuma ya kiti cha mtoto kinachotazama nyuma huwa imekaribiana nao kabisa. Huko Marekani wakaanza kufa watoto wachanga ambao wazazi wao walifanya kila kitu sawasawa isipokuwa jambo moja: walikifunga kiti mbele, karibu nao, ili wawaone. Baadhi ya ajali hizo zilikuwa ndogo ambazo wazazi walitoka bila ya mkwaruzo. Ndipo zilipokuja zile alama za onyo za mtoto na mfuko wa hewa zilizopigwa mstari mwekundu. Magari yetu mengi hapa yametumika Japani kwanza, na onyo hilo mara nyingi limeandikwa Kijapani kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Mtu anakishusha na kukipandisha kila siku asijue kinamwambia nini. Kinamwambia kwamba kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe hapo kamwe mfuko wa hewa ukiwa unafanya kazi. Mahali pake ni siti ya nyuma.

Baada ya hapo maendeleo yaliyofuata yalikuwa hasa ya kupambana na makosa ya kufunga. Mwaka 1999 kilitolewa kipimo cha kimataifa cha ISOFIX, yaani vyuma viwili vilivyojificha kati ya mgongo na kalio la siti, ambavyo kiti hung'ata moja kwa moja bila ya kutegemea mkanda wa gari. Magari mengi ya zamani hayana vyuma hivyo, na hilo lisimtie mtu unyonge, kwani kiti kilichofungwa kwa mkanda wa gari kwa kufuata maelekezo kinafanya kazi. Tatizo ni kufuata. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliofanywa mwaka 2011 ulikuta karibu nusu ya viti vimefungwa vibaya kwa namna moja au nyingine, na hao ni watu wenye vitabu vya maelekezo kwa lugha yao. Wataalamu wa nchi hiyo wanakadiria kwamba kiti kikitumiwa ipasavyo ndani ya gari dogo hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka mmoja hadi minne kwa asilimia 54.

Kuhusu umri wa kumgeuza mtoto atazame mbele, ulimwengu umekuwa ukisogea taratibu kuelekea kule walikokuwa Waswidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2011 kwamba mtoto atazame nyuma mpaka miaka miwili, na mwaka 2018 kikaondoa hata huo umri, kikasema abaki hivyo mpaka afikie ukomo wa uzito au urefu wa kiti chenyewe. Kanuni mpya ya Ulaya ya mwaka 2013 inakataza kumgeuza kabla ya kupita miezi 15.

Ama Afrika, Afrika Kusini iliweka sheria kuanzia Aprili 2015 kwamba mtoto wa chini ya miaka mitatu akae katika kiti chake, lakini mabasi madogo na makubwa ya abiria yakaachwa nje. Jirani zetu wa Kenya, wakati wa waziri John Michuki, waliyalazimisha matatu yote kuweka mikanda kuanzia Februari 2004. Ulikuwa mwamko mkubwa, ila ilikuwa mikanda ya watu wazima. Ndugu zetu walioko Falme za Kiarabu walikutana na sheria ya kiti mwaka 2017, na ni baadhi yao wanaoleta viti nyumbani wakija likizo.

Hatutaki kujifanya hatuoni kwamba familia nyingi za hapa hazina gari, zinapanda teksi, zile ambazo Kenya huziita matatu na Tanzania daladala, au boda boda. Ndani ya teksi hakuna pa kukifunga kiti, na kondakta hatakubali mtoto mchanga ashike nafasi ya abiria. Historia hii haijawafikia watu wa teksi, na tusiwatwishe lawama kina mama wanaopanda walichokipata. Anayeweza kungoja gari la ndugu lenye kiti, hasa siku ile ya kutoka hospitali, angoje. Anayelazimika kupanda teksi akae siti ya nyuma, si mbele kwa dereva, na kama kuna mkanda aufunge yeye mwenyewe, mtoto akiwa nje ya mkanda huo. Hiyo si kinga kamili, lakini angalau mwili wake mwenyewe hautamwangukia mtoto.

Kwa wenye magari, viti vipya ni ghali, na wengi tunavipata katika mitumba. Si vibaya, ila kiti kina umri wake. Plastiki ikikaa juani miaka mingi huchoka, na tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imepigwa muhuri chini au nyuma ya kiti. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililogonga hakifai tena, hata kama hakina ufa, na kwa sababu hiyo ni bora kuchukua cha mtu unayemjua kuliko cha sokoni ambacho hujui kimepitia wapi. Kama kimetoka Ulaya, tafuta karatasi ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Namba zake zikianza na 01 au 02, ni vile vya zamani ambavyo Ulaya yenyewe iliacha kuviruhusu mwaka 2008. Zikianza na 03 au 04 ni afadhali.

Ukishakifunga kwenye siti ya nyuma, kishike pale mkanda unapopita na kitikise. Kisisogee zaidi ya kama upana wa vidole viwili. Shali na mablanketi yasipite chini ya mikanda ya mtoto, maana yakibonyea mkanda unalegea. Mfunge kwanza, kisha umfunike juu. Kidevu kisikandamize kifua, na mkifika nyumbani mtoeni, asiachwe alale humo. Mwisho jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili kama unayefinya kitambaa: ukipata mkunjo, bado umelegea, kaza tena.